Nguo Zilizonyooka Kupita Kiasi

Mke wa dobi alisema mapema, na asitokee mtu wa kumsingizia kwamba alinyamaza. "Wamesema kufua tu," alimwambia mumewe asubuhi ile alipomwona anatia makaa kwenye pasi. "Tope litoke, nguo zikauke, basi. Pasi kaiomba nani?"

"Hakuna aliyeiomba," dobi alijibu. "Ni nyongeza."

Mtaani walimwita Mstari, kwa sababu ya ule mstari wa mbele wa suruali ambao akiuweka yeye hauondoki mpaka suruali yenyewe ichakae. Makarani, walinzi, walimu, wauza bima, wote waliopita mbele ya chumba chake kwenda kazini walikuwa wamenyooshwa na mkono wake, naye aliwatazama kila asubuhi kwa raha ya mtu anayetazama shamba lake. Kurudisha nguo ambayo haijapigwa pasi kwake halikuwa jambo la kufikirika. Watu wangesema Mstari amefariki na majirani hawakupewa taarifa.

Nguo zenyewe zilikuwa za maonyesho. Jana yake bomba la maji lilipasuka katika stoo ya hoteli moja kubwa, ambamo mbunifu wa mavazi ya kiume alikuwa ametundika kazi yake yote, na maji machafu yakazirukia. Mashine za kufulia za hoteli zilikuwa mbovu, kama desturi yake. Ndipo binti wa Mstari, ambaye kazi yake humo ni kusafisha vyumba na kutandika vitanda, alipomwambia msimamizi wake kwa kujiamini kabisa, "Baba yangu ni dobi. Kesho zitakuwa tayari." Mtaani huyo binti anaitwa Hoteli, maana ndiye mtu pekee wa mtaa ule aliyewahi kuajiriwa mahali penye lifti. Alizileta nguo nyumbani kwa gari la kazini, akasema "kufua tu", akarudi zamu.

Mstari alizifua, akazianika, na zilipokauka akazitazama, akaguna. Yalikuwa makoti, mashati na suruali pana, vitambaa vya maana, mshono wa mtu anayejua sindano. Lakini mikunjo! Kila nguo ilikuwa imekunjamana kana kwamba mtu mwenye homa aliilalia wiki nzima, na hata maji na sabuni havikuitoa.

"Wamezibeba kwenye magunia," alisema kwa huruma. "Watu hawana adabu na nguo."

"Au ndivyo zilivyo," mkewe akasema.

"Ndivyo zilivyo vipi? Nani atashona koti zuri hivi halafu alifinyange?"

Lilikuwa swali la haki, na ndilo lililowaponza. Alinyunyiza maji, akatandaza kitambaa kibichi juu, akaegemeza uzito wake wote kwenye pasi. Makola aliyatia wanga. Mikunjo iling'ang'ania, naye akang'ang'ania zaidi, na muda wote aliwaza jinsi bintiye atakavyosifiwa mbele ya wakubwa wake. Moyo ulimjaa. Alipomaliza, yale makoti yalikaribia kusimama yenyewe bila mtu ndani, na gari la hoteli likaja likazichukua nguo zote.

Gari hilo hilo lilirudi kabla pasi haijapoa. Hoteli alishuka akiwa na sare yake ya kazi na macho mekundu.

"Baba, umefanya nini?"

"Salamu kwanza," mama yake alisema.

"Shikamoo mama, shikamoo baba, umefanya nini?"

Akaeleza huku amesimama mlangoni. Ile mikunjo haikuwa ya magunia. Mbunifu alizilowesha nguo zake, akazifunga vifundo kwa kamba, akaziacha hivyo muda mrefu mpaka mikunjo ikaingia kwenye uzi. Hiyo mikunjo ndiyo iliyokuwa kazi yake, ndiyo watu walioalikwa wanakuja kuitazama alasiri ile.

"Ndio mtindo, baba. Maonyesho yenyewe yanaitwa Mtu wa Kazi."

Mstari aliisogeza pasi pembeni. "Na nani aliyemwambia kwamba mtu wa kazi anatoka nyumbani kwake amekunjamana?"

"Sijui, baba. Ninachojua ni kwamba msimamizi amesema zisipokunjamana tena kabla ya wageni kuingia, kesho nisirudi. Mimi ndiye niliyekutaja. Mimi ndiye niliyesema baba yangu anajua."

Hakuna aliyehitaji kufafanuliwa maana ya kutorudi. Pasi ya Mstari iliwaletea mboga, lakini mshahara wa Hoteli ndio ulioweka paa juu ya mboga hiyo. Mama alishachukua beseni lake. Mstari alivaa shati, lile jeupe analovaa akiitwa mahali, akafunga vifungo polepole.

"Nitakwenda," alisema. "Kuomba radhi nitaomba, maana kosa ni langu. Lakini kukunja nguo ya mtu, hapana. Sijawahi, na uzee huu sianzi."

"Mkono usioweza kuukata, ubusu," mkewe akamwambia, akamsukuma garini.

Waliingia kwa mlango wa nyuma. Mlinzi wa pale, ambaye sare yake Mstari aliipiga pasi Jumapili iliyopita, aliwapekua kana kwamba hawajawahi kuonana, akatazama mpaka chini ya beseni. "Ni utaratibu tu, mzee," alinong'ona, bila kumtazama usoni. Mstari aliangalia mstari wa suruali ya mlinzi, ambao bado ulikuwa pale pale, akapita.

Chumba cha nyuma ya jukwaa kilikuwa na joto la taa na watu. Vijana warefu wembamba, ambao ndio wangevaa nguo hizo, walikaa ukutani wamevaa kanzu za kuogea za hoteli, wakila ndizi. Nguo zilikuwa zimetundikwa katikati, zimenyooka kama zinasubiri kukaguliwa na rais. Mbunifu alisimama mbele ya nguo hizo, mikono kichwani. Alikuwa kijana bado, nadhifu, amevaa nyeusi tii kuanzia shingo hadi viatu, na alikuwa amelia. Hilo tumhesabie, kwa kuwa ile ilikuwa kazi ya mwaka wake mzima.

"Mzee," alisema, "umenifanyia nini? Nani alikwambia upige pasi?"

"Hakuna, mwanangu. Nilidhani nakusaidia. Nisamehe."

"Nikusamehe! Waandishi wa magazeti wanakuja. Wanunuzi wanakuja. Nitawaonyesha nini, sare za shule?"

Vijana wawili ukutani wakacheka. Mstari aliinamisha kichwa, na shingo ikamwaka moto. Msimamizi wa hoteli, mama mmoja mwenye sauti ya chini inayouma kuliko kelele, alisema kwamba yeye hapendi kumfukuza mtu, lakini hoteli haiwezi kubeba lawama ya mtu na baba yake.

"Lawama mtabeba baadaye," alisema mke wa Mstari. "Maji yako wapi?"

Akaonyeshwa bomba. Alijaza beseni, akavua koti la kwanza kwenye hanga, akalichovya, akalikamua kwa kulinyonga kama kuku, akalifunga fundo. Halafu akaliweka juu ya kiti na kulikalia. Na Mungu alikuwa amemjalia cha kukalia.

"Kukunja nguo kuna ujuzi gani?" alimwambia Mbunifu, aliyekuwa ameduwaa. "Mtu yeyote aliyezaa anajua. Njoo na wewe ukalie suruali. Na wewe mama mkubwa mwenye hoteli, usisimame bure, hili shati litakutosha."

Ikawa kazi. Hoteli alinyonga, mama alifunga, Mbunifu alikalia, na hata msimamizi, baada ya kuchungulia mlangoni kuhakikisha hakuna bosi, alikaa juu ya mashati akiwa na uso wa mtu aliyekuja kutazama televisheni. Zilizokwisha kukaliwa walizikausha kwa zile mashine za kukaushia nywele za vyumbani. Mstari peke yake alisimama pembeni, mikono nyuma. Joto lilimzidi, akavua shati lake jeupe, akalitundika kwenye msumari ukutani, akabaki na fulana yake ya kazini yenye tundu kwapani. Hakugusa kitu.

Likabaki koti moja, ambalo lingeonyeshwa la mwisho jukwaani, refu, la kitambaa kizito. Hoteli alilinyonga mara ya kwanza, mara ya pili, likajinyoosha. Wanga na pasi ya baba yake vilikuwa vimelishika barabara.

"Baba," alisema, akihema. "Halikunjiki. Umelipiga pasi kwa mapenzi mno."

"Mwanangu, nilisema."

"Ulisema. Mimi sina nguvu, na mikono ya mama imechoka. Baba, ni kazi yangu hii. Si ya mtu mwingine, ni yangu."

Nje, viti vilisikika vikisogezwa. Wageni walikuwa wameanza kuketi. Mstari alilitazama koti, akamtazama bintiye, ambaye nywele zilimlowa usoni na sare yake ikawa chepe chepe. Kisha akalishika koti mabegani, pale pale alipolishika asubuhi kulitandaza, akalinyonga. Alilinyonga mpaka mishipa ya mikono ikamtoka, akalifunga, akalikalia mwenyewe, na alipolikalia akageukia ukuta ili asionekane uso.

Muziki ulipoanza, waliambiwa wasimame nyuma ya pazia na wasikohoe. Pazia lilikuwa na upenyo, na mama akauwahi.

Alitoka kijana wa kwanza na suti ya rangi ya udongo, suruali imevuka viatu na kufagia jukwaa. "Huyu kavaa ya kaka yake," mama alinong'ona. Wa pili alikuwa na shati lisilo na mikono, lililofungwa kiunoni kwa mkanda wa gunia. "Na huyu katoroka." Wa tatu alipita na koti la mvua linalong'aa, refu mpaka visigino, zuri kwa kweli. "Hiyo rangi itachuja. Akilifua na shuka nyeupe, asimlaumu mtu."

"Mama, kimya," Hoteli akasema, ingawa alikuwa anacheka, kicheko cha mtu aliyenusurika.

Mstari aliombwa achungulie, akakataa, halafu akachungulia. Lisilo haki lisisemwe, na yeye hakulisema. Kulikuwa na jaketi la bluu la mafundi, mifuko mikubwa minne, bega limekaa mahali pake, ambalo fundi bomba angelivaa Jumatatu na mchungaji angelivaa Jumapili. Kulikuwa na suruali ya kijivu yenye marinda mawili kiunoni, ya kumruhusu mtu mzima kula akashiba. Kulikuwa na shati jeupe la kola fupi ambalo mwalimu yeyote mtaani kwake angeliweka oda. "Kijana anajua kukata," alisema taratibu. "Kwa nini afiche kazi nzuri hivi?" Maana juu ya kila kitu kizuri ilikuwapo ile mikunjo, na vijana wale wembamba walitembea wakiburuta miguu, mabega yameanguka, kama walioagizwa waonekane wamechoka. Watu ukumbini walitikisa vichwa kwa kuguswa. Mstari aliwafikiria makarani na walinzi wake, waliochoka kuliko hawa, na ambao hakuna hata mmoja angekubali kuonekana hivyo na jirani.

Lile koti la mwisho alilolinyonga lilitoka, na ukumbi ukasimama. Makofi yalitikisa pazia.

Mbunifu aliingia nyuma akikimbia, anang'aa uso mzima. Hasira ya asubuhi ilikuwa imekwisha bila kubakiza hata vumbi. Alimshika Mstari mikono yote miwili.

"Mzee, umeona? Umeona lile koti? Wanauliza nani amelifanya vile. Twende, tunatoka pamoja. Nitawaambia hii ndiyo mikono yenyewe, mikono ya mtu wa kazi. Mcheza kwao hutunzwa, mzee wangu!"

Mstari alishangaa, na nisiseme uongo, alifurahi kidogo pia. Alinyoosha mkono kuchukua shati lake kwenye msumari.

"Hapana, shati liache," Mbunifu akasema. "Hivyo hivyo ulivyo."

"Na fulana hii? Ina tundu."

"Ndiyo nzuri. Tena ngoja." Akapiga goti mbele yake, haraka, kwa furaha ya kazi, akamkunja mguu mmoja wa suruali mpaka chini ya goti, akaushika ule mwingine na kuufinyanga kwa viganja mpaka mstari ukapotea. Alirudi nyuma hatua moja akamtazama jinsi mtu anavyotazama picha aliyoitundika. "Sasa hivi. Usitabasamu, mzee. Tembea kama umechoka."

"Mimi sijachoka," Mstari alisema.

"Kidogo tu."

Dobi alijitazama mguu, ugoko wake mkavu nje mbele ya vijana na wanawake, mbele ya mwanawe. Kisha akamtazama msimamizi, kwa sababu alijua huyo mama ndiye atakayesema kama anaweza kukataa.

"Ukitoka, mzee, mambo ya asubuhi yamekwisha," msimamizi alisema kwa ile sauti yake ya chini. "Mgeni wetu akifurahi, na sisi tumefurahi. Usipotoka, mimi nitamteteaje binti yako? Niambie wewe."

Mstari alimeza mate. Alimtazama mkewe, na mkewe, ambaye asubuhi alikuwa na methali ya kubusu mkono, safari hii hakuwa na methali yoyote. "Basi," alisema. "Kama hiyo ndiyo bei, tutoke." Akaanza kuelekea kwenye pazia, mguu mmoja wazi, na bila kuambiwa tena mabega yakawa yameshuka yenyewe.

Hayo mabega ndiyo aliyoyaona Hoteli. Siku nzima alikuwa amemsihi baba yake ainame, na sasa alipomwona ameinama, alihisi kitu kinamkata. Alipita mbele, akasimama kati yake na pazia.

"Baba yangu hatoki hivi."

"Dada, wanasubiri!" Mbunifu akasema.

"Wasubiri. Ana shati, liko pale. Alilivaa kuja kukuomba radhi."

"Huelewi. Ni heshima hii, ukumbi mzima utampigia makofi!"

"Watalipigia tundu la fulana. Yeye hawamjui."

"Hoteli," msimamizi akasema, akitumia jina la mtaani kama onyo. "Angalia unachofanya. Kazi ni ngumu kupata."

"Naijua ilivyo ngumu, mimi ndiye niliyeitafuta." Alifungua pini ya kitambulisho kifuani. Sindano ikamchoma kidole, lakini pini ikafunguka. Akavua na aproni, akaikunja vizuri, pembe kwa pembe, akamwekea msimamizi mkononi, kitambulisho juu yake. "Chukua, mama. Sina kazi hapa. Sasa niambieni, baba yangu mnamshikia kwa lipi?"

Hapakuwa na kitu cha kumshikia tena. Ukumbini walianza kupiga makofi ya kuita. Hoteli aliinama, akaushusha mguu wa suruali ya baba yake, akaupangusa kwa kiganja. Mama akaliangua shati kwenye msumari na kumvalisha mumewe begani.

"Mimi sikutaka kumdhalilisha mtu," Mbunifu alisema, na huenda ni kweli. "Nimefanya kazi hii yote kwa ajili ya watu kama yeye."

Mama alimtazama kuanzia kola hadi viatu, polepole, kama alivyopekuliwa yeye mlangoni. "Baba yangu," alisema, "mbona ya kwako imenyooka?"

Kijana alijitazama suruali yake nyeusi, iliyokuwa na mstari safi kabisa mbele. Kisha akatoka peke yake kwenda kupokea makofi.

Walishuka kwa ngazi za nyuma, mama mbele na beseni lake, kwa kuwa beseni hakuliacha. Wakafika uani, penye mapipa ya taka na kamba za kuanikia taulo. Hapo Mstari alisimama, na hasira aliyoibana tangu asubuhi ikatoka, ikamwendea asiyestahili.

"Nani kakutuma? Eh? Mimi nilishakubali. Nilishameza! Hatua chache tu, nitoke, nirudi, na kazi yako ingekuwa mkononi. Aibu ilikuwa yangu, si yako. Umeitupa kazi kwa ajili ya shati!"

"Siyo shati, baba."

"Ni nini basi?"

Hoteli alifuta pua kwa mkono wa sare ambayo haikuwa yake tena. "Ulikuwa unatoka," alisema. "Nilikuona. Ungetoka kweli."

"Ningetoka. Kwa ajili yako ningetoka."

"Ndiyo hivyo. Na mimi kila siku ningeingia kazini kwa mlango ule, nikijua umeulipia kitu gani."

Mama aliliweka beseni chini, akashika kiuno. "Na kodi ya nyumba, nyie mashujaa wangu, tutailipa na nini?"

"Nitafua, mama. Nguo chafu hazijaisha duniani."

"Utafua," Mstari alisema. Sauti ilikuwa bado kali, lakini ukali wenyewe ulikuwa umeanza kuishiwa nguvu. "Pasi hushiki. Wewe unaunguza makola."

"Sishiki, baba."

Ndani makofi yalipanda tena, marefu, na mtu fulani akapiga mluzi. Mstari hakugeuka. Alisimama pale kati ya mapipa akafunga vifungo vya shati kimoja kimoja mpaka cha kolani, ambacho watu hukifunga wakienda harusini tu, akalichomekea shati vizuri, akamnyooshea mwanawe mkono.

"Tupite mbele ya nyumba za watu wakiwa wametoka kazini," alisema. "Watuone."